Asubuhi Tatu za Kumchora Mama Joshua

Gabrieli Msengi wa Kinampanda alikuwa mwandishi wa mabango kabla ya kuwa mchoraji. Baadhi ya mabango yake bado yapo kando ya barabara ya kwenda Kiomboi: "Tunasaga na Kukoboa", "Fundi Cherehani Yupo Ndani", na jogoo wa duka la dawa za mifugo ambaye alikuwa mwekundu mpaka jua lilipompausha. Haya ninayoyaandika alinisimulia mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili aliniomba nisimpambie.

Kuchora kwa wino alifundishwa na mzee Simoni, mwalimu mstaafu wa sanaa aliyerudi kijijini na sanduku la kalamu za nibu na chupa za wino mweusi. Wakati huo Gabrieli alikuwa na miaka thelathini na miwili. Mzee alimkalisha mbele ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, moja ya yale mawe yetu yaliyojaa kila mahali, akamwambia alichore. Gabrieli akalizungushia mstari mmoja safi, kama alivyozoea kuzungushia herufi.

"Umechora chapati," mzee akasema. "Kaa hapo mpaka jua lishuke. Jiwe liache, angalia kivuli chake."

Akakaa. Jua liliposhuka, kivuli cha jiwe kilitoka chini yake kikalala juu ya matuta ya viazi, kikapanda tuta la kwanza, kikazama kwenye mfereji, kikapanda tuta la pili. Gabrieli alikitazama kivuli kikiyatambalia matuta, na kwa mara ya kwanza akaona kuwa kivuli kinaeleza vitu viwili kwa pamoja. Kinaeleza umbo la kile kilichokiangusha, na kinaeleza hali ya mahali kilipoangukia. Kwenye sakafu ya simenti kinanyooka. Kwenye majani makavu kinachanikachanika. Kwenye mchanga kinalala laini lakini ukingo wake una punje.

Ilimchukua miaka kuyahamishia hayo kwenye karatasi, maana wino hauna rangi ya kijivu na ukikosea haufutiki. Kijivu lazima ukitengeneze kwa mistari. Alijifunza mistari mifupi kwa ajili ya ngozi ya jiwe, nukta kwa ajili ya mchanga, mistari ya kukatizana mahali penye giza zito, na kuiacha karatasi tupu pale jua linapopiga. Mzee Simoni alipofariki alimwachia kalamu zake. Kufikia miaka arobaini na minne, Gabrieli aliweza kuchora kichwa cha alizeti kilichokauka ukahisi kingekuchoma kidole. Alichora vitunguu, majogoo, vipande vya magome, mashina yaliyoliwa na mchwa. Binadamu hakuwa amewahi kumchora akaridhika. Nyuso zake zote zilitoka kama zile za mabango.

Mwaka juzi mvua zilikatika mapema. Mahindi yalikaukia magotini. Kufikia Januari nyumba nyingi zilikuwa zinapika mara moja kwa siku, na watu hawakuizungumzia sana habari hiyo, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ana afadhali. Kwa Gabrieli afadhali ilikuwepo kweli. Mkewe, Eliza, mama wa mwanawe Anselm, alikuwa na cherehani mbili na kazi ya kushona sare za shule, na unga haukukatika ndani.

Mwezi huohuo ikaja barua kutoka Singida mjini. Kungekuwa na maonyesho ya kazi za mikono mwezi wa tatu, na waandaaji walimwomba alete picha kumi na mbili. Alikuwa nazo kumi na moja. Ya kumi na mbili alitaka iwe ya mtu.

Ng'ambo ya shamba lake anakaa mjane anayeitwa Luciana, ambaye sote tunamwita Mama Joshua. Alikuwa na miaka kama sitini na minane. Ni mwanamke mrefu, msafi, asiye na maneno mengi. Gabrieli alipokuwa mdogo na mama yake akiwa mgonjwa, ni Mama Joshua aliyembeba mgongoni msimu mzima. Mwanawe wa pekee, Joshua, alikuwa amekwenda machimboni, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa miezi minane.

Asubuhi moja Gabrieli alimkuta kisimani. Jua lilikuwa bado chini, na kivuli cha pua ya mama huyo kiliangukia shavuni kikapinda kuelekea ndani, kama kivuli cha mti kinavyotumbukia korongoni. Gabrieli alisimama na ndoo mkononi. Alinieleza kuwa moyo ulimdunda kwa furaha. Neno hilo, furaha, alilirudia ili nisije nikaliacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazima huko?"

"Wazima. Mama, naomba nije nikuchore. Asubuhi tatu tu."

Mama Joshua alimtazama kwa muda. "Mimi?"

"Wewe."

"Unanichora ili iweje?"

"Naipeleka Singida. Watu waione."

Aliinama akainua ndoo yake, ambayo haikuwa imejaa hata nusu, akasema, "Njoo basi. Mimi nipo."

Siku ya kwanza alimkuta amejifunga kitenge chake cha kanisani. Gabrieli alimkalisha kwenye kigoda mbele ya ukuta wa udongo, jua la saa mbili likimpiga kwa ubavu, akamwomba ashike ungo mapajani.

"Ngoja basi nikaombe kwa Eliza alizeti kidogo niweke," Mama Joshua akasema. "Ungo mtupu unapendeza nini?"

"Hapana mama, uache hivyohivyo. Ukiwa mtupu kivuli cha ukingo kinaangukia vizuri kwenye msuko."

Na kweli kiliangukia vizuri. Kilipita juu ya msuko wa ungo kikikatika na kuungana, kikikatika na kuungana, na Gabrieli alitumia asubuhi nzima kukifuata kwa nibu nyembamba kuliko zote. Saa nne, jua lilipopanda, alifungasha vitu vyake akashukuru akaenda zake.

Siku ya pili Eliza alimpa chupa ya chai na viazi vilivyochemshwa. Gabrieli aliviweka chini kando ya wino. Katikati ya kazi akamimina chai, akamkaribisha Mama Joshua.

"Nimeshakunywa," Mama Joshua alijibu.

Kwetu mtu akikataa mara ya kwanza unamsihi. Akikataa mara ya pili unamwekea kikombe mkononi. Kila mtu analijua hilo, hata mtoto. Gabrieli alikuwa anawaza jua linavyopanda. Akanywa chai yake, akala viazi viwili, vilivyobaki akavifunika akarudi navyo nyumbani. Siku hiyo alichora uso: mashimo ya kwenye panda za uso, mfupa wa shavu, kamba mbili za shingo na kivuli kirefu kilichokuwa katikati yake. Alitumia mistari ya kukatizana mara nne, moja juu ya nyingine, mpaka shimo la juu ya mfupa wa bega likawa jeusi kabisa. Alifurahi kuona kwamba uso huu haukutoka kama bango.

Siku ya tatu Mama Joshua alichelewa kutoka ndani. Alipotoka alishika fremu ya mlango.

"Kizunguzungu kidogo," akasema. "Kitapita."

Gabrieli alimshika mkono akampeleka kwenye kigoda, akamgeuza bega kidogo ili akae vilevile kama jana. "Tumebakiza miguu tu mama. Vumilia kidogo."

Kitenge kilikuwa kimepanda juu ya muundi. Mama Joshua, bila kuwaza, alijibonyeza mguu kwa kidole gumba, na alipokiondoa kidole shimo likabaki. Halikurudi. Lilikaa pale kwenye ngozi kama alama kwenye udongo mbichi, na ndani yake jua lilichora kivuli kidogo chembamba kama kucha. Gabrieli alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Muundi wote ulikuwa unang'aa, umekazana, tofauti kabisa na mikono iliyokuwa imekauka juu ya ungo, na lile shimo moja ndilo lililoonyesha kuwa ngozi ile ilikuwa na nini chini yake. Akachovya kalamu haraka. Shimo likaanza kujaa.

"Mama, bonyeza tena. Palepale."

Mama Joshua akabonyeza. Alibonyeza mara tatu, kila alipoombwa, mpaka mchoraji akamaliza.

Picha iliitwa "Mama na Ungo". Gabrieli aliichukua pamoja na zile kumi na moja, akaenda nazo Singida mwezi wa tatu.

Maonyesho yalifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, meza za vikapu upande mmoja, vinyago upande mwingine, na picha ukutani. Kufikia siku ya pili watu walikuwa wanajazana mbele ya "Mama na Ungo" tu. Mzee mmoja alinyoosha mkono kuugusa ule ungo, akacheka mwenyewe. Waandaaji walibandika pembeni karatasi ya kusema imeshika nafasi ya kwanza. Kikundi cha vijana wa chuo kikamwomba Gabrieli awaeleze alivyofanya, naye akasimama na kijiti mkononi akaeleza.

"Angalieni kivuli cha pua. Kingekuwa kwenye shavu lililojaa kingekuja hivi, kimeviringika. Hapa kimezama. Ndiyo maana unajua shavu limebonyea, ingawa sikuchora mstari wowote wa shavu. Shingoni hapa vivuli viwili, kwa hiyo kuna kamba mbili zimesimama. Na huku mguuni ngozi imevutika, haina mikunjo, kwa hiyo nimeacha karatasi tupu. Ila hapa, mnaona? Shimo moja. Nukta ishirini tu, na mguu mzima unakuwa na uzito."

Vijana waliandika kwenye madaftari yao. Walipoondoka alibaki dada mmoja mwenye ushungi wa kijani, wa umri kama miaka thelathini. Alijitambulisha kwa jina la Rukaya. Kwao ni mjini hapohapo, familia ya wafanyabiashara, lakini yeye alikuwa nesi.

"Kaka, hongera," alisema. "Naomba nikuulize. Hili shimo la mguuni umelibuni?"

"Hapana. Mimi sichori kitu ambacho sijakiona." Alilisema hilo kwa majivuno.

"Lilikaa muda gani kabla ya kurudi?"

"Dakika mbili hivi, au tatu. Nilimwomba abonyeze tena."

Rukaya alisogea karibu na picha akatazama uso, kisha mikono, kisha akarudi mguuni. "Huyu mama yupo wapi?"

"Yupo kwetu, Kinampanda. Ni jirani yangu."

"Anakula nini?"

Gabrieli alifungua mdomo ajibu. Alijua ni jino lipi la Mama Joshua limeng'oka, alijua kovu la kwenye nyusi lina urefu gani, alijua kucha ipi imepasuka.

"Sijui," akasema.

"Una ukoo naye?"

"Alinibeba nikiwa mtoto."

Nesi hakupandisha sauti. Alizungumza taratibu, kama anavyozungumza mtu aliyezoea kuwapa watu habari. "Mimi siwezi kumpima mtu kwenye karatasi. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo. Lakini mtu akiwa amekauka hivi huku juu, na miguu imejaa maji namna hii, mara nyingi ni njaa. Njaa ya muda mrefu. Ulimchora lini?"

"Mwezi wa pili mwanzoni."

"Ni wiki tano zimepita," Rukaya akasema. "Piga simu sasa hivi."

Alipiga simu akiwa amesimama palepale, watu wakipita nyuma yake wakimpongeza. Alimwambia Eliza aache cherehani aende kwa Mama Joshua. Hakueleza sababu. Aliona ugumu kulitamka neno lenyewe kwenye simu, kati ya watu. Kisha akatoka nje ya ukumbi akakaa kwenye ngazi, mikono yake ikiwa na wino mpaka kwenye kucha, na hakujua aifiche wapi.

Eliza alimpigia baada ya nusu saa.

"Nimemkuta amelala," alisema. "Anaongea, ila hawezi kusimama. Ndani hamna kitu, Baba Anselm. Kuna mlenda mkavu kwenye kibuyu na chumvi. Ameniambia amekuwa akipika mlenda mtupu tangu Krismasi." Kisha akauliza, "Wewe si ulikaa naye siku tatu?"

"Nilikaa naye."

"Siku tatu, mchana kweupe?"

Eliza akasema anakwenda kumkorogea uji mwepesi, akakata simu.

Gabrieli alirudi ndani akaishusha picha kutoka ukutani. Mmoja wa waandaaji alimfuata akamwambia mgeni rasmi anakuja Jumamosi, picha ya kwanza haiwezi kukosekana. Gabrieli akamwambia kumi na moja zimebaki. Aliifunga "Mama na Ungo" kwenye gazeti, akapanda gari la mchana, akafika nyumbani jua likizama.

Kesho yake asubuhi walimpeleka Mama Joshua kituo cha afya kwenye bajaji ya kukodi, Eliza akiwa amemshika kiunoni, na kutoka pale wakampeleka hospitali. Daktari alisema moyo ni mzima. Ni chakula kilikosekana, na damu imepungua sana. Alilazwa siku kumi na saba. Eliza alilala huko siku tano za mwanzo, Gabrieli akawa anapeleka uji asubuhi na mchana, uji wa kupimwa kwa vijiko kama walivyoelekezwa, maana tumbo lililokaa tupu halitakiwi kushtuliwa.

Kijijini watu walijua upesi. Hakuna aliyemsema Gabrieli usoni. Wengi nao walikuwa na aibu yao, maana walikuwa wamepita mbele ya ule mlango miezi yote hiyo wakaitikiwa vizuri wakaenda zao. Lakini yeye aliiona tofauti. "Wao hawakutazama," aliniambia. "Mimi nilitazama. Hakuna mtu Kinampanda nzima aliyemtazama yule mama kuliko mimi."

Siku ya tisa Mama Joshua aliweza kukaa kitandani akiegemea mto. Gabrieli alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba msamaha tangu siku ya kwanza na yalikuwa yamekataa kutoka.

"Mama," akaanza, "kwa nini hukusema?"

Papo hapo akajua ameanza vibaya, kwamba ameugeuza mzigo ukawa wa mgonjwa.

"Nilidhani umeona," Mama Joshua alisema.

"Nimeona nini?"

"Uliponiambia unanichora upeleke Singida watu waone. Mwaka ule wa njaa walikuja watu wa mjini, wakatupiga picha na watoto wetu, wakaandika majina. Baada ya wiki mbili likaja lori la mahindi." Alivuta pumzi. "Nikasema, huyu mtoto ameniona kisimani, anaona haya kuniuliza, amepata njia ya kunisaidia bila kuniaibisha. Nikavaa nguo nzuri. Uliposema nibonyeze mguu nikabonyeza, nikajua huo ndio ushahidi wenyewe, wakauone. Siku ya nne nikakungoja. Wiki ikaisha. Nikasema labda lori limekwama barabarani."

Gabrieli aliweka kikombe chini.

"Sikuona mama," alisema. "Naapa sikuona. Niliona vivuli."

"Hilo ndilo nisilolielewa," Mama Joshua alisema, na hakulisema kwa hasira. "Mimi sijasoma kama nyinyi. Lakini mtu anawezaje kuandika kitu chote vile bila kukisoma?"

Yale maneno aliyojiandalia hayakuja tena. Alisema "Nisamehe mama," mara moja, kwa sauti ndogo, na Mama Joshua akasema, "Lete uji, unapoa." Mpaka leo Gabrieli hajui kama hilo lilikuwa jibu.

Aliporuhusiwa, Eliza alimhamishia kwao, chumba cha nyuma, mpaka apate nguvu. Wakakubaliana kwamba chakula chake kitatoka jikoni mwao hata akirudi nyumbani kwake. Gabrieli alikuwa akila mezani akiwa ameinamisha macho. Kumtazama Mama Joshua akitafuna kulimshinda, na Eliza, aliyeliona hilo, siku moja alimwambia kwamba hata kutotazama ni namna ya kumkimbia. Basi akajilazimisha.

Siku hizo hizo aliitoa picha kwenye gazeti akamletea mwenyewe. Alikuwa hajawahi kumwonyesha. Mama Joshua aliishika kwa mikono miwili karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo mimi," akasema. Kidole chake kilikwenda kwenye muundi. "Mguu huu wameuona watu wangapi?"

"Wengi."

"Mia?"

"Zaidi."

Alijishusha kitenge mpaka kwenye vifundo, ingawa miguu ilikuwa imeshapona, na Gabrieli alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Hapo ndipo aliposhikwa na aibu kuliko hata siku ya hospitali. Njaa ya Mama Joshua hakuisababisha yeye. Lakini uchi wa ile njaa yeye ndiye aliyeubeba mpaka Singida, akauonyesha kwa kijiti, vijana wakaandika kwenye madaftari.

Mwezi wa tano nesi Rukaya alipiga simu kuulizia hali. Alifurahi kusikia mama amepona. Kisha akauliza kama wangeweza kuitumia ile picha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini. Alisema vitabuni kuna picha za namna hiyo lakini hakuna iliyo wazi vile. Mtu akiiona mara moja hasahau. Gabrieli alimwambia mwenye ruhusa ni Mama Joshua, akaenda kumuuliza. Njiani alijikuta anatamani akubaliwe. Alijiambia ni kwa ajili ya wagonjwa wengine, na hilo lilikuwa kweli. Lakini alijua pia kwamba alitamani ile picha ionekane tena, kwa kuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Mama Joshua alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nesi namshukuru sana," alisema. "Yeye ndiye aliyeniokoa. Lakini hapana. Wengine wakichorwa, waulizwe wao."

Gabrieli alimpelekea Rukaya jibu hilo, naye akalipokea bila kulalamika. Picha ilikabidhiwa kwa Mama Joshua, ikawekwa kwenye sanduku lake la nguo, na kinachofuata ni shauri lake.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa nzuri. Joshua alipatikana; alikuwa amevunjika mguu huko machimboni na simu kupotea, akarudi akichechemea, akalima. Mwezi wa sita, mtama ukiwa umeingia ndani, Mama Joshua alimwita Gabrieli.

"Nichore sasa," alisema.

"Mama, mimi watu nimeacha kuwachora."

"Nimekwambia unichore."

Alikuwa amevaa gauni jipya aliloshonewa na Eliza, amekaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu imefunikwa, na ungo alioushika ulikuwa na mtama uliojaa mpaka ukingoni. Alichagua mwenyewe mahali pa kukaa, chini ya paa la baraza la nyumba, ambako mwanga ulikuwa sawa pande zote na vivuli havikuwepo karibu. Gabrieli hakumwambia asogee. Kabla ya kufungua wino aliuliza asubuhi ile amekula nini, akajibiwa ugali na maziwa ya mgando, akauliza na jana, mpaka Mama Joshua akamwambia inatosha.

Alichora asubuhi moja tu. Shavu lilikuwa limejaa, pua haikuangusha chochote, shingo ilikuwa laini. Mtama alioutengeneza kwa nukta ulitoka vizuri kiasi. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili akaitazama, na alijua, kama anavyojua fundi yeyote, kwamba picha ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Ilikuwa karibu na bango. Ile iliyokuwa sandukuni ilikuwa bora mara kumi. Alisimama pale akijua hivyo, mbele ya mwanamke mwenye afya anayengoja kuonyeshwa, na alitamani asingekuwa mtu wa kujua jambo kama hilo.

"Imetoka?" Mama Joshua akauliza.

"Imetoka mama."

Akampa. Mama Joshua aliitazama akatabasamu, akamwita Joshua aje aone, akamwambia atafute misumari.